Mabao Manane Tukiwa Kanisani

Siku Michael Olunga alipofunga mabao manane katika mechi moja, sisi Matinyani tulikuwa kanisani. Ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Novemba 2019. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hivyo mchana wao ni asubuhi yetu, na asubuhi ya Jumapili huku Kitui Magharibi haina shughuli nyingine. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na watu walikuwa na nyuso za watu waliopanda ndengu kwa wakati. Kule Japani, Kashiwa Reysol walikuwa wakiifunga Kyoto Sanga 13–1, na manane kati ya hayo yalikuwa ya kijana wetu.

Nilipata habari nikiwa nje, chini ya mti, bando ikiwa imebaki ya kusoma kichwa cha habari tu. Nikamwonyesha jirani yangu. Akaisogeza simu karibu na macho, akasoma mara mbili.

"Manane? Hiyo ni futiboli ama ni ule mpira wa mkono?"

Tulicheka, tukaenda zetu. Lakini jioni ile, nikiwa nyumbani, kitu kilinikaa kooni. Hakuna mchezaji aliyekuwa amefunga mabao manane katika mechi moja ya J.League kabla ya siku hiyo. Na katika watu wote ninaowajua, kuanzia Matinyani mpaka Kabati mpaka Kitui mjini, hakuna hata mmoja aliyeona hata bao moja kati ya manane likiingia. Kama ungetaka kutuambia ni uongo, tungeamini.

Kwetu mpira huangaliwa kwa video. Wageni wakisikia hilo neno hufikiria kanda. Sisi tunamaanisha kile chumba cha mabati chenye benchi za mbao na televisheni iliyowekwa juu kama sanamu. Nje kuna ubao unaoandikwa mechi kwa chaki. Ubao huo, kwa miaka yote niliyousoma, ni ubao wa Uingereza: Arsenal, Chelsea, Man U, Liverpool. Uhispania huingia ikiwa ni Barcelona au Real Madrid. Japani haijawahi kuandikwa. Hata ligi yetu wenyewe ilipotea machoni baada ya SuperSport kuondoka mwaka 2017, na nilikuwa nimeanza kuona hilo ni jambo la kawaida, kama vile mtu anavyozoea jino lililong'oka.

Ninayaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu. Jina lake halisi halitatusaidia kitu hapa. Kijiji kizima kilimwita Torres. Alipata jina mwaka 2008, akiwa na miaka kumi na miwili, baada ya dada yangu kumnunulia jezi ya mtumba ya Liverpool yenye namba 9 mgongoni. Ni mwaka ule ule Fernando Torres alifunga bao pekee la fainali ya Euro, Uhispania ikiifunga Ujerumani 1–0 mjini Vienna. Kijana aliivaa jezi mpaka ile 9 ikabanduka ikabaki alama tu. Alikuwa mwepesi, anajua kujificha nyuma ya beki, halafu anatokea mbele yake. Mimi ni mwalimu, na jioni nilikuwa nafundisha mpira vijana wa hapa, kwa hivyo nilijiona kama mtu anayejua. Nilimfundisha kila nilichokijua. Na nilimfundisha pia kitu kimoja ambacho sikukijua, nacho ndicho nitakirudia.

Ukisikia hadithi ya mshambuliaji Mkenya anayezunguka dunia, usidhani ilianza na Olunga. Mike Okoth alitoka Nairobi akaenda kucheza Ubelgiji, Oostende na baadaye Genk, na alikuwa Genk timu ilipochukua ubingwa mwaka 1999. Mtoto wake Divock alizaliwa Ostend mwaka 1995. Huyo Divock Origi ndiye aliyeifungia Ubelgiji dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia la 2014, na tukasherehekea kana kwamba bao lilikuwa letu. Lilikuwa la Ubelgiji. Safari ya baba ilikuwa imezaa matunda, tatizo ni kwamba mti ulikuwa umepandwa shamba la watu.

Halafu akaja Dennis Oliech. Huyu ndiye wa rika langu, na nikimtaja najisikia kijana. Julai 2003, Kasarani, Kenya ilihitaji kuifunga Cape Verde ili iende fainali za Kombe la Afrika. Oliech, kijana wa Mathare United mwenye miaka 18, akafunga, ikawa 1–0. Mwaka uliofuata kule Tunisia tulipigwa na Mali, tukapigwa na Senegal, kisha tukaifunga Burkina Faso 3–0, moja likiwa lake. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo, na tulikuwa tumeanza kwenda tangu 1972.

Wakati huo Oliech alikuwa tayari Qatar, anachezea Al-Arabi. Na hapo ndipo kuna jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Mwaka 2003 Qatar ilikuwa inanunua watu. Mkimbiaji wetu Stephen Cherono alibadilisha uraia, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi Agosti mwaka huo huo akashinda mbio za kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia mjini Paris, bendera ya Qatar ikiwa mabegani. Katika mpira wakawatafuta Wabrazili kina Ailton, mpaka FIFA ikaingilia Machi 2004, ikasema mchezaji hawezi kuchezea nchi asiyokuwa na uhusiano nayo. Oliech naye alitakiwa. Amesimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwamba aliwekewa pesa mezani akakataa. Akaenda Nantes 2005, Auxerre 2007, na 2010 akawa katika kikosi cha Auxerre kilichopangwa kundi moja na Real Madrid, Milan na Ajax katika Ligi ya Mabingwa. Baadaye Ajaccio, baadaye Dubai, na 2019 akarudi nyumbani Gor Mahia, mwili ukiwa umechoka.

Angalia mpangilio wa safari hiyo: Qatar kwanza, kisha Ufaransa. Kwa macho yetu ya wakati ule, Qatar ilikuwa stendi ya matatu. Unasimama hapo ukingoja gari la Ulaya. Nilimfundisha mpwa wangu hivyo. Kuna sehemu za kupitia, na kuna sehemu za kufika. Ulaya ni kufika, kwingine kote ni kupitia, na ukirudi kule ulikopitia, umeanguka.

Olunga aliivuruga hesabu hiyo kabisa, lakini mimi sikuona.

Alizaliwa Nairobi Machi 1994, akasoma Upper Hill, na hata mpira ulipoanza kumlipa akaendelea na masomo ya uhandisi wa ramani na vipimo vya ardhi katika Technical University of Kenya. Ndiyo maana watu humwita Engineer. Tusker 2013, Thika United 2014, Gor Mahia 2015. Msimu huo wa Gor alifunga mabao 19 ya ligi na timu ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mapema 2016 akaenda Djurgården ya Stockholm. Alianza polepole, wakaanza kunung'unika, kisha akafikisha mabao 12 ya ligi. Tukasema sawa, huyu anapanda. Sweden leo, Ujerumani kesho, Uingereza keshokutwa.

Januari 2017 akauzwa China, kwa Guizhou Zhicheng.

Nakumbuka nilivyosema. Nilikuwa uwanjani na vijana, mpwa wangu akiwa mmoja wao, nikasema: "Huyo amepotea. Amefuata pesa." Nilisema kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyekatwa mshahara. Olunga alikuwa na miaka 22. Sikujua Guizhou ni wapi, na sikutaka kujua. (Ni mkoa wa milima kusini magharibi mwa China, timu ikiwa mji wa Guiyang. Nilitafuta ramani miaka mitatu baadaye.) China wakati ule ilikuwa inatoa pesa ambazo Ulaya yenyewe ilizishangaa, halafu mwaka huo huo wakubwa wa mpira wao wakafunga bomba: wageni watatu tu uwanjani kwa kila timu, na ushuru mkubwa kwa anayenunua mgeni kwa bei ghali. Mshambuliaji kutoka Kenya hakuwa na nafasi kubwa ya kupumua katika hesabu kama hiyo. Kufikia Septemba alikuwa amepelekwa Girona kwa mkopo.

Girona, sasa, hiyo tuliielewa. Hispania! La Liga! Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya klabu hiyo kucheza ligi kuu, na wenye Manchester City walikuwa wametoka tu kununua hisa zake. Oktoba mwaka huo waliifunga Real Madrid 2–1, siku mbili tu baada ya bunge la Catalonia kutangaza kujitenga na Uhispania, kwa hivyo matokeo yalisomwa na watu ambao hata mpira hawaupendi. Olunga alikuwa hapo lakini benchi ndiyo ilikuwa kiti chake. Mbele yake alikuwapo Cristhian Stuani wa Uruguay, na Stuani si mtu unayemtoa kwa bidii ya mazoezi.

Tarehe 13 Januari 2018 Las Palmas walikuja Montilivi. Olunga akaingia kutoka benchi, na katika kipindi cha pili akafunga matatu. Girona 6, Las Palmas 0. Mkenya wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya La Liga, na mchezaji wa kwanza wa Girona kufanya hivyo katika ligi hiyo. Ilikuwa Jumamosi. Kwa video kulikuwa na mechi ya Uingereza, lakini habari ilipoingia kwenye simu ya mtu mmoja ilipita benchi kwa benchi kama njugu, na mwenye video akajaribu kutafuta Girona kwenye rimoti. Aliipata mechi ikiwa imeisha. Tukaangalia marudio ya mabao hata hatukukaa chini. Bado naweza kukuambia nani alikuwa amesimama wapi.

Tazama sasa. Mabao hayo matatu ndiyo mabao yote ya Olunga katika La Liga. Matatu, yote siku moja. Msimu ulipoisha Girona walikuwa wa kumi, na yeye akaondoka. Ukipima kazi nzima ya huyu mtu, Uhispania ni sehemu aliyocheza kidogo kuliko karibu kote alikopita. Na ndiyo sehemu pekee ambayo Matinyani tuliisimulia. Mpaka leo ukimuuliza jamaa wa boda boda hapa sokoni kuhusu Olunga, atakuambia Las Palmas kabla hajakuambia kitu kingine.

Katika mwaka ule ule wa 2018, Agosti, Olunga akaenda Kashiwa Reysol. Na hapo kuna kichekesho cha historia ambacho hakuna aliyekicheka, hata mimi: mwezi mmoja kabla yake, Torres mwenyewe, Torres wa Liverpool, alikuwa ametua Japani kuchezea Sagan Tosu. Iniesta alikuwa ametangulia kwenda Vissel Kobe. David Villa, aliyeifungia Uhispania mabao mengi kuliko mtu yeyote, akamfuata Iniesta mwaka uliofuata. Huyo Villa ni msafiri kweli: Gijón, Zaragoza, Valencia, Barcelona, Atlético, Melbourne, New York, Kobe. Na Raúl wa Real Madrid alikuwa amekwenda Doha, Al Sadd, tangu 2012. Hakuna mtu hapa aliyesema Raúl amepotea. Tulisema anapumzika, amefanya kazi, amestahili. Mhispania akienda mashariki anastaafu. Mkenya akienda mashariki amefeli. Barabara ni moja.

Na kusema kweli Torres alikwenda kupumzika. Alifunga mabao machache Japani na mechi yake ya mwisho, Agosti 2019, timu yake ilifungwa 6–1 na Kobe ya kina Iniesta. Alikuwa na miaka 35, ameshinda Kombe la Dunia, hana deni na mtu. Olunga alikuja na miaka 24 na kitu cha kuthibitisha. Kashiwa ilishushwa daraja mwisho wa 2018. Ligi ya pili ya Japani! Hebu fikiria tungesema nini kama tungekuwa tunafuatilia. Alibaki. Mwaka 2019 alifunga mabao 27 katika daraja hilo, timu ikapanda kama bingwa, na siku ya mwisho ya msimu ndiyo ile ya manane, sisi tukiwa kanisani.

Mwaka 2020 ndio ulikuwa mwaka wake mkubwa, na dunia nzima ilikuwa imefungiwa ndani. Ligi ya Japani ilisimama Februari, ikarudi Julai, mashabiki wakiwa wachache na hawaruhusiwi kuimba. Uwanja wa Kashiwa ni mdogo, watu hukaa karibu na mstari kiasi cha kusikia mchezaji akihema. Mwaka huo waliopata bahati ya kuingia walikaa kimya na kupiga makofi. Katika kimya hicho Olunga alifunga mabao 28 katika mechi 32. Mfungaji bora wa ligi, na Mchezaji Bora wa Mwaka wa J.League, ilhali Kashiwa ilimaliza ya saba. Tuzo kama hiyo hupewa mtu wa timu bingwa. Ukiona inakwenda kwa mtu wa timu ya saba, jua walikosa pa kujificha.

Mimi naamini huo ndio msimu bora kuliko wowote uliowahi kuchezwa na mshambuliaji Mkenya. Utaniambia Oliech na Ligi ya Mabingwa, nitakusikiliza. Lakini ligi kuu ya nchi yenye viwanja na pesa na nidhamu ile, kuwa wa kwanza kwa mabao na wa kwanza kwa ubora, mwaka mmoja? Hatuna mwingine. Na hakuna video iliyouonyesha.

Nimefikiria sana kwa nini sisi, watu wa Kitui kati ya watu wote, tulikuwa na macho mafupi hivyo. Safari si kitu kigeni kwetu. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka Mombasa. Kivoi, mtemi na mfanyabiashara wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na ni kutoka Kitui Krapf aliuona Mlima Kenya Desemba mwaka huo. Kivoi aliuawa njiani 1851 wakielekea Tana. Wazee hao hawakuuliza kama mji una sifa. Waliuliza bei ya pembe ni ngapi huko na maji yako wapi njiani. Mjukuu wao mimi nikawa nauliza kama ligi inaonyeshwa kwa video.

Sasa nirudi kwa lile jambo.

Mwaka 2017 mpwa wangu alipata nafasi ya kwenda kufanya majaribio katika klabu moja ya Zambia. Haikuwa klabu kubwa. Nauli ya basi walikuwa wamlipie nusu, nusu ajitafutie. Alikuja kwangu jioni, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mjomba, unaonaje?" Dada yangu alikuwa amemwambia atafanya nitakachosema.

Nikamwambia, "Zambia nani atakuona? Ngoja Ulaya."

Nilikuwa na kila sababu ya kujua zaidi. Mbwana Samatta wa Tanzania alitoka Simba 2011 akaenda Lubumbashi, kwa TP Mazembe, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Alikaa huko miaka mitano. 2015 Mazembe ikachukua ubingwa wa Afrika, yeye akachaguliwa mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya bara, na kutoka hapo ndipo Genk walimchukua, Genk ile ile ya Mike Okoth, akawa bingwa wa Ubelgiji 2019 na kisha Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Juni mwaka huo yeye na Olunga walikutana Cairo, Kenya ikashinda 3–2, Olunga akifunga mawili na Samatta moja. Niliiangalia mechi hiyo nikashangilia kama mwendawazimu. Haikunipitia akilini kwamba wale wawili, mmoja alipitia Lubumbashi na mwingine Guiyang. Nilikuwa nimemkataza kijana barabara ambayo nilikuwa naishangilia.

Aliingoja Ulaya. Ulaya ikaja 2018 katika sura ya mtu mwenye suti na brifkesi, aliyesema ana majaribio nchi mbili tofauti na anahitaji pesa ya viza. Dada yangu aliuza ng'ombe wawili. Mtu yule alibadilisha namba ya simu kabla ya Krismasi.

Kuna sheria ya FIFA inayosema klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23 zigawiwe asilimia 5 ya pesa anapouzwa nchi nyingine. Nimeisoma mara nyingi, hasa usiku. Timu yetu ya uwanja wa vumbi haijasajiliwa popote, kwa hivyo hata angeuzwa Madrid tusingepata shilingi. Lakini sikuisoma kwa ajili ya pesa. Nilikuwa natafuta mahali katika ile sheria panapoandikwa mtu kama mimi anadaiwa nini.

Januari 2021 Olunga aliondoka Japani. Watu wa mpira walitegemea Ulaya tena. Akaenda Al-Duhail, Doha. Safari hii sikusema amepotea. Mwaka huo alifunga mabao tisa katika Ligi ya Mabingwa ya Asia na kuongoza wafungaji wake wote, kisha akaongoza ligi ya Qatar misimu miwili mfululizo. Nyumbani, Februari 2022, FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia shirikisho, na marufuku ikakaa mpaka Novemba. Kwa hivyo nahodha wa Harambee Stars alikuwa anafunga mabao katika nchi iliyokuwa inajiandaa kwa Kombe la Dunia, huku timu yake ya taifa ikiwa haipo kabisa.

Na mpwa wangu naye alikuwa Doha. Alikwenda mwishoni mwa 2021, mlinzi, kama vijana wengi wa huku waliochukuliwa kwa ajili ya hilo Kombe la Dunia. Kombe lilipoisha mkataba ukaongezwa. Analinda jengo la maofisi, zamu ya usiku, na ni yeye anayewasomesha wadogo zake wawili. Ng'ombe wamerudi, sasa ni watatu. Dada yangu huniambia hilo kila tukikutana, polepole, kama mtu anayeweka kitu mezani.

Mwaka 2023 alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amekwenda na wenzake Wakenya kumwona Olunga kwenye uwanja wa Abdullah bin Khalifa. Nyuma yake nilisikia ngoma na mtu akipiga kelele kwa Kijaluo. Alinisimulia kwa dakika tatu nzima na hakuna hata mara moja alitaja pesa au sifa. Alinisimulia miguu.

"Mjomba, unajua mpira ukiwa mbali anafanya nini? Hasimami. Anatembea tu, pole pole, anaenda nyuma ya beki mpaka beki anamsahau. Ile kitu ulikuwa unatuambia. Ni hiyo hiyo. Lakini yeye anaifanya kama mtu anapima shamba."

Nikamwandikia: amefunga?

Jibu lilikuja kesho yake mchana, saa ambazo yeye hulala. Alisema basi la zamu lilikuwa linaondoka mapema, kwa hivyo alitoka uwanjani kipindi cha pili kikianza. Akiwa barabarani alisikia uwanja mzima ukilipuka nyuma yake. Alisimama, akageuka, akaona taa tu.

"Nilijua ni yeye," alisema. "Lakini bando ilikuwa imeisha."